Mshamba wa Pwani

Firdausi, usinicheke mpaka nimalize. Niko stendi ya Kasulu na kamera yetu ya filamu, ila dukani kwa Mzee Mansuri sirudi tena maishani.

Si nilijifanya dairekta! Akanipa kamera niijaribu. Nikabonyeza kitufe chekundu, nikamrekodi, nikabonyeza tena kuzima. Halafu nikampigia simu mwenzetu Dadi kwa Kiha, mzee asielewe: "Huyu mshamba wa pwani hajui kamera, ataniachia kwa bei ya kutupa."

Mzee akaiunganisha kwenye televisheni kubwa. Wateja wote macho kodo.

Firdausi, mzee hayumo! Ni viatu vyangu tu, na sauti yangu: "Mshamba wa pwani." MSHAMBA WA PWANI, duka zima!

Kumbe alinikabidhi tayari inarekodi. Nilipodhani nawasha, nikazima. Nilipodhani nazima, nikawasha.

Mzee akanijibu kwa Kiha, tena safi kuliko changu: "Mke wangu ni Muha wa Titye, mwanangu. Umesikia sauti inavyonasa vizuri?"

Nikalipa bei yake yote.

Nafika mlangoni, akaniita: "Filamu yenu ikihitaji mshamba wa pwani, nitamwigiza mwenyewe."

Jumamosi anakuja kwetu Kibondo kuigiza. Kaomba kitu kimoja tu: kamera ashike mtu mwingine, si mimi.