Msasa Uliofungia Gololi

Karakana ya Pampu,
S.L.P. 417,
Jumapili, 14 Juni.

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti lako siku hizi linapanda ngazi bila kulalamika. Mkazamjomba naye hajambo? Huku sote tu salama. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini sauti ya kunigombeza bado anayo yote, kwa hiyo ondoa wasiwasi.

Nina habari ya furaha. Mwezi uliopita nilikabidhiwa kerezo lako, ile mashine ya kuchongea chuma iliyo karibu na dirisha, pamoja na kazi yako ya kumalizia shafti za pampu. Aliyenikabidhi ni Pima Tena mwenyewe. Msimamizi wetu huyo hajabadilika hata chembe. Akiletewa chai, huikagua kwanza.

Mama aliposikia, akafungua kabati na kunipa kifurushi ulichomwachia ulipoondoka miaka minne iliyopita, ukamwagiza anipe siku nitakayopewa kazi hiyo. Nilijua ni kile kifaa chako cha gololi kabla sijakifungua, kwa uzito wake tu. Nilifurahi mno, Mjomba. Niliruka jikoni kama mtoto.

Kisha nikaona ulichokifungia. Kilikuwa kipande cha msasa uliochakaa, na nyuma yake vipimo vya shafti kwa penseli, kwa mwandiko wangu wa kukurupuka. Nilikaa chini.

Niliikumbuka siku ile. Nilikuwa na miezi miwili tu karakanani. Ulikuwa umenionyesha jinsi gololi inavyoigandamiza shafti inapozunguka, vinundu visivyoonekana vikalala, chuma kikawa laini na ngozi yake ikakaza. Ulisema hapa hatukwangui kitu, tunagandamiza tu. Mimi nikaitikia kwa kichwa kama niliyeelewa. Ulipokwenda kula, nikaona shingo ya shafti, pale inapobadilika unene, imefifia kidogo, na wateja walikuwa njiani. Nikawasha mashine, nikashika msasa, nikaing'arisha mpaka nikajiona sura.

Baada ya wiki tatu ilivunjika, palepale shingoni. Pima Tena alisema mbele ya watu wote kwamba umezeeka na umeruka hatua ya gololi. Ukamjibu kwamba kazi iliyotoka kwenye mashine yako ni yako, ukakusanya vitu vyako, na sasa najua msasa wangu uliouokota ulikuwa miongoni mwavyo. Miaka yote hii nimemchukia yeye kwa ajili yako, wala sikujiuliza lolote kuhusu mikono yangu.

Kile kipande kilichovunjika bado kipo ofisini kwake. Hukitumia kugandamizia karatasi. Jumatatu niliomba kukishika. Unajua kwa nini uliniita Ukucha, kwa ile tabia yangu ya kupitisha ukucha kwenye kila kitu. Nikaupitisha shingoni, ukakwama. Pima Tena akaleta kioo chake cha kukuzia. Kulikuwa na michirizi myembamba imezunguka shafti nzima, na ufa ulianzia ndani ya mmoja wao. Nilikuwa nimeikwangua ngozi yote uliyoikaza.

Nilipiga moyo konde, nikamwekea msasa mezani na kumwambia kila kitu. Nilijua unga wangu unaweza kumwagika hapohapo, na Mama ananitegemea mimi. Aliugeuza msasa, akasoma vipimo, akavua miwani. Kisha akauliza, "Mjomba wako alikuwa anajua?" Nikamwambia alijua tangu siku ile shafti ilipovunjika. Akasema, "Na mimi, ninayewaambia watu wapime tena, sikupima hata mara moja."

Kesho yake alituita wote kwenye kerezo lako. Alisema alikuonea, akalitaja jina lako kwa heshima, na wale mafundi wa zamani wakapiga makofi. Mimi nililia, sikuona haya. Sikufukuzwa. Adhabu yangu ni kumweleza kila fundi mpya kwa nini gololi ikishapita msasa hauruhusiwi, na nianze kwa kusema ni nani aliyeharibu.

Ameniagiza nikuandikie kwamba nafasi yako ipo, kama unataka, hata kwa kufundisha ukiwa umeketi. Barua yake yenye muhuri nimeiambatisha. Usikimbilie kukataa kwa ajili ya goti. Tutakutafutia kiti kizuri.

Mjomba, asante. Ungeweza kuutoa msasa ule mfukoni siku ile, ukabaki na mashine yako, na mimi ningerudi nyumbani bila ufundi wowote. Badala yake uliniachia mkate wangu, ukaondoka na aibu yangu. Sina la kukulipa. Shafti niliyoimaliza juzi ukucha unateleza juu yake toka mwanzo hadi mwisho, na nimeizuia isipelekwe ili uiguse wewe kwanza.

Nisalimie mkazamjomba, na yule binamu yangu Kiroboto ambaye hatulii. Dada yako anasema chumba cha uani ameshakifagia. Mungu akulinde, akupe nguvu za mwili na usingizi mwororo.

Ila ukijibu, Mjomba, usinidanganye kwamba msasa ule uliutumia kufungia gololi kwa kukosa karatasi.

Mpwa wako akupendaye na asiyekwisha kukushukuru,

Ukucha