Yaliyosikika Nyuma ya Pazia la Vipimo

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: limehifadhiwa, anajulikana kama Mama Pacha
Umri: miaka thelathini na minne
Kazi: fundi cherehani
Makazi: chumba na sebule vya kupanga, mtaa wa nyuma ya karakana anayofanyia kazi

Natoa maelezo haya kwa hiari yangu na nikiwa na akili timamu, ingawa mume wangu atawaambia vingine. Tuna watoto wawili mapacha, wote wa kike. Mwaka jana nilifika hapa hapa kituoni na jicho limevimba. Nilipoulizwa shida yangu nilisema nimepotea njia. Afisa wa siku hiyo alicheka, nami nikacheka naye, kisha nikarudi nyumbani kupika.

Mume wangu si mlevi. Naomba hilo liandikwe, maana kila mtu huuliza. Ni mtu wa salamu, msibani hubeba viti, watoto wa majirani wote anawajua kwa majina. Kabla hajanigusa hufunga dirisha, halafu huongeza sauti ya redio. Jirani wa ukuta wa pili hunitania bombani, "Nyie na muziki wenu, mnajua kula raha!" Namjibu, "Acha tu, jirani." Siku hizi redio ikiongezwa sauti popote, hata dukani, natoka kabla sijanunua kitu. Magauni yangu yote nimeyashona mikono mirefu. Wateja wameyapenda, wanataka niwashonee kama hayo, na mimi nawashonea.

Mnamo Jumanne ya wiki hii niliwapeleka watoto kwa dada yangu. Nilimwambia mume wangu wamekwenda kusalimia. Alinyamaza, na kunyamaza kwake nakuogopa kuliko redio.

Leo, Jumatano, majira ya saa nne asubuhi, nilikuwa karakana. Tupo mafundi sita na vyerehani vyote vilikuwa vinafanya kazi. Mume wangu aliingia akitabasamu, ameshika kitambaa. Alimsalimia kila mtu, akamwambia mkubwa wetu, tunayemwita Shangazi, kwamba anataka suruali na atapimwa na mkewe tu, naye apate kudeka. Watu walicheka. Nikaingia naye nyuma ya pazia la kupimia.

Hapa nieleze utaratibu wetu. Anayepima haandiki. Hutaja vipimo kwa sauti, na fundi wa kukata, tunayemwita Mkasi, huviandika mezani kwake. Zamani kelele zilimfanya abahatishe, bwana harusi mmoja akapewa suruali inayoishia magotini. Tangu hapo, kipimo cha kwanza kikitajwa, vyerehani vyote husimama mpaka mpimaji amalize. Mume wangu hakulijua hilo, kwa sababu nguo zake nampimia nyumbani.

Alinikamata kifundo cha mkono, akaanza kunitisha. Nilitaja kwa sauti, "Kiuno, thelathini na sita!" Vyerehani vikanyamaza. Yeye alikuwa amepaza sauti ili nimsikie juu ya kelele za vyerehani, na akishaanza hasikii kingine. Alisema, "Watoto wawe nyumbani leo jioni. La sivyo nakuvunja mkono huu wa kushonea, tuone utawalisha nini. Au mbavu zimeshapona, umesahau?" Kisha akanipiga kofi.

Shangazi alifungua pazia. Mume wangu aliachia mkono wangu, akacheka. "Tunataniana tu hapa. Si ndiyo, Mama Pacha?"

Wote walinitazama. Jibu la swali hilo nimelitoa kwa mama yangu, kwa mawifi, kwa daktari, na sijawahi kulitafuta. Safari hii nilifungua kinywa nikalikosa. Niliona aibu kubwa, halafu nikaona nimechoka kuliko aibu. Nilisema, "Hapana. Hatutaniani."

Mkasi, ambaye hana siku bila mzaha, alisimama na kumwambia, "Shemeji, mlango ule pale." Mume wangu akatoka. Kitambaa alikiacha sakafuni. Shangazi hakuniuliza kitu. Alinisogezea viatu, maana cherehani tunakanyaga peku, akasema, "Vaa, mwanangu, twende." Karakana imefungwa. Wote wako nje kwenye benchi, na kila mmoja yuko tayari kueleza alichokisikia.

Nimeulizwa na afisa kama kipimo kile nilikitaja kwa mazoea tu. Mkono wangu alikuwa ameubana, na utepe wa kupimia ulikuwa umeshaanguka chini. Sikuwa nimempima. Nilijua vyerehani vitasimama, ndiyo maana nikataja.

Nimesema yaliyonipata, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa sauti. Ameomba rekebisho moja. Mahali nilipoandika "kisha tukagombana" amesema hakugombana na mtu, niandike "kisha akanipiga kofi". Nimefuta na kuandika alivyosema, naye ameweka sahihi pembeni. Nilimuuliza kama angependa kwanza akazungumze na mumewe wayamalize nyumbani. Alinijibu, "Mwite shahidi wa pili, afande. Wamekaa muda mrefu."