Uzi kwenye Pete ya Baba

Mjukuu wangu Furaha,

Huku Makobola tuko wazima. Mama yako amemaliza kupanda mihogo. Umeniuliza, weye unayesomea uuguzi Bukavu, kama mizani inatosha kujua mgonjwa amedhoofika kiasi gani.

Nikiwa msichana nilimpeleka baba yangu hospitali. Miguu yake ilikuwa imejaa maji, kwa hiyo kilo hazikuonyesha kwamba amekonda.

“Anakula?” muuguzi aliuliza.

“Anakula muzuri,” nilijibu.

Hakuandika kitu. Alimshika baba mkono, akaona pete ya ndoa imezungushiwa uzi wa wavu ili isidondoke.

“Huu uzi muliufunga lini?”

Baba alinitazama. Ni mimi niliyeufunga, na kila juma nilikuwa nauongeza.

Tate yako anayekukumbuka