Dawa ya Uchungu

Jumatatu, 4 Machi 1912

Chupa ya uzazi ya mke wangu Kuluthumu imepasuka tangu jana alfajiri, na uchungu hauji! Anazunguka uani, anacheka, anasema mtoto huyu mvivu kama baba yake. Mama yake, bibi Mwajabu, hacheki. Ametoka Kondoa kwa miguu kuja kumpokea mjukuu. Mimi na yeye tunasemezana kwa nyuma ya pazia — mkwe ni mkwe — tena kwa Kiswahili, maana Kirangi chake sikijui.

Kesho nitamwomba daktari wa boma. Miaka minne namfungia wagonjwa wake vidonda, sijamwomba hata kitambaa.

Jumanne, 5 Machi

Nimepata! Kichupa cha dawa, rangi ya kahawa. Matone kumi, angojee saa nzima, kumi tena. Uchungu ukishika, asipewe hata tone. Daktari kalirudia hilo mara mbili: dawa hii inakaza tumbo la uzazi, ikizidi inalipasua. Nikamjibu nimeelewa.

Papo hapo amri: treni inaondoka, mvua imebomoa daraja, watu wameumia. Nikakimbia nyumbani. Nisimame nimweleze mama mkwe mambo ya tumbo la binti yake? Aibu ilinikamata. Nikapitisha kichupa chini ya pazia.

"Dawa ya uchungu hiyo, mama. Matone kumi, kila saa."

Akasema ahsante baba. Kuluthumu akaniambia toka ndani nisichelewe kurudi. Naandika juu ya gunia, treni inatikisa.

Alhamisi, 7 Machi

Kuluthumu hayupo. Mtoto naye. Wa kiume.

Wamezikwa jana. Sikuwapo.

Jumamosi, 9 Machi

Daktari ametaka kichupa chake. Kitupu. Akakiinua kwenye mwanga, akauliza nilimwambia nini yule mama. Nikasema: kama ulivyoniagiza, bwana. Nimesimama wima, mikono ubavuni, nikasema uongo. Akatikisa kichwa, akaandika kitabuni kwamba bibi hakusikia maagizo.

Alisikia! Dawa ya homa inaondoa homa. Dawa ya kikohozi inaondoa kikohozi. Sasa dawa ya uchungu aielewe vipi? Jirani yetu Zipora alikuwamo ndani. Anasema Kuluthumu alilia sana, na kila alipolia mama yake akamwongezea. Adhuhuri akanyamaza ghafla. Bibi akamshukuru Mungu, akadhani dawa imefanya kazi.

Mke wangu. Alikuwa anacheka uani.

Jumapili, 10 Machi

Bibi hali chakula. Watu wanaokuja kuhani wameanza kunong'ona juu yake, nami nawasikia, nakaa kimya. Kesho anarudi Kondoa, na huko watamwuliza amemfanya nini binti yake.

Sasa hivi amekuja mwenyewe kwenye pazia. Hajawahi.

"Baba, niwie radhi. Niliiogopa dawa ya kizungu, nikaanza na matone machache. Ningempa nyingi tangu mwanzo, mwanangu asingeteseka vile."

Nimechukua daftari hili kana kwamba lina jibu — mimi mjuzi wa maneno, msomi wa Tanga!

Naiona miguu yake chini ya pazia. Imevimba. Haondoki. Anauliza kama nimesikia, na kama nimemsamehe, na mimi