Pakiti za supu ya dayati

Mika, Jumanne hii tarehe tisa mambo yameniharibikia. Salamu ya ugonile nitakupa kesho.

Nimempeleka Jeni zahanati, kichwa kinamuuma toka Jumapili. Nesi kampima presha, akarudia mkono wa pili. 180! Binti wa miaka ishirini na sita!

Akauliza anakula nini. Nikajibu kwa kujidai, "Chakula cha dayati, nesi, supu za pakiti. Hazina mafuta." Nikamtolea moja mfukoni. Kaisoma nyuma.

"Baba Jeni, mafuta kweli hakuna. Ila chumvi ya pakiti hii inakaribia ya kutwa nzima. Anakula ngapi?"

Mbili, Mika. Na anazimwagia kwenye wali, maana huku kwetu bila wali mtu hajala.

"Mbili?" Kaigeuza pakiti tena. "Mbili?"

Jeni wamemlaza. Mimi moja kwa moja kwa Dulla mwenye duka, Bondeni. Ananiambia, "Mzee wangu, mimi nauza kilichopitishwa." Kapitisha nani? Bwana afya kila wiki yupo pale anakunywa soda, kaegemea maboksi hayo hayo! Wao wanagonga mihuri, sisi tunazika.

Lakini sikia. Unakumbuka Damari, mama yake Jeni, alivyoambiwa apunguze mafuta? Nikamkataza samaki mbasa wa kwenye chungu, nikamnunulia pakiti hizi hizi. Kazila miezi minne, mpaka siku ile ya msiba.

Mika, Damari kaondoka na presha yake, au na pakiti nilizomletea mimi?