Seli Zilizokataa Kufa

Jinja,
14 Novemba 1998

Baba mpendwa,

Asalaam alaykum. Hali yako huko Mbale? Naomba barua ikukute mzima dukani, na Mama kifua kimetulia. Mimi mwili ni mzima, ila roho imenichafuka.

Mtoto wa dada Rehemah alizaliwa Jumatatu, akapumua kidogo, akafariki. Ubongo wake ulikuwa umefura hadi nje ya fuvu. Shangazi, mama mkwe wa Rehemah na dada yako wa damu, alimtazama mara moja, akatema mate, akasema mkamwana kaleta laana, arudi kwao. Akaamuru mtoto atiwe kwenye kavera, mfuko wa plastiki wa sokoni, azikwe bila kuoshwa wala kupewa jina. Kavera, Baba, kama matumbo ya kuku! Na Sulaiman alisimama tu akitazama viatu vyake. Mume gani yule? Nilimnyang'anya Shangazi mtoto, nikamwosha mwenyewe.

Nilimuuliza Daktari Gorreti, anayetufundisha chuoni uuguzi. Alinieleza kwamba ubongo huanza na seli shina, zinazozaana kwa wingi mno, na nyingi lazima zife ili ubongo upate umbo. Hukatwa kwa ndani na vimeng'enya, yaani protini za seli zenyewe. Panya wa maabara walionyimwa kimeng'enya kimojawapo huzaliwa na ubongo uliofurika, maana seli za kufa hazikufa. Hakusema kwa hakika kwamba ndicho kilichompata mtoto wetu. Alisema tu kasoro kama hiyo huweza kurithiwa kwa wazazi wote wawili, akauliza kama hao ni ndugu. Niliona aibu kujibu kwamba kwetu binamu huoana tangu enzi za babu, na kwamba mimi mwenyewe nimechumbiwa na Ashiraf, mdogo wake Sulaiman.

Nilimfuata Shangazi nyumbani kwake Bugembe nimwambie aache kumfukuza Rehemah. Alilia, akakiri kwamba yeye naye, aliyeolewa na binamu yake, alizaa wawili wa namna ile kabla ya Sulaiman. Akasema wewe, Baba, ndiye uliyewabeba kwenye gunia ukawazika. Halafu ukamwoza Rehemah katika nyumba hiyo hiyo, ukijua.

Kinyaa nilichomwonea Shangazi sasa kimekugeukia wewe, na kuandika hivi kunaniuma. Ashiraf simtaki. Usitume mtu kunibembeleza. Rehemah nipo naye hapa.

Wasalimie Mama na majirani. Mtoto tumemwita Madina. Wale wawili wape majina wewe, maana ni wewe tu unayejua walipolazwa.

Mwanao,
Nuriat