Kibati Changu Mnadani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako nimezipata. Huku Moshono hatujambo. Shangazi yako anavuna maharage, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike.

Umeniuliza kama na sisi tuliwahi kulipwa kwa kitu kama hizo vocha za supamaketi mnazopewa kazini. Ndiyo, mama. Nilipokuwa msichana nilichuma kahawa kwenye shamba la tajiri mmoja, chini ya Mlima Meru. Kwa kila debe tulipewa kibati chenye alama ya shamba, na kilipokelewa kwenye duka lake tu.

Jumapili moja sikuwa na senti ya sadaka, wala yai, nikatumbukiza kibati kikapuni. Baada ya ibada mzee wa kanisa akakinadi pale nje, pamoja na ndizi na maziwa yaliyotolewa sadaka. Watu wakacheka. Nilitamani ardhi inimeze.

Kijana mmoja mkulima wa ndizi, ambaye hata hakuwa kibarua pale, akakinunua kwa shilingi yake. Nikamfuata.

"Kaka, dukani hawatakupokelea."

"Najua. Sikukinunua kwa ajili ya sukari."

Ndiye babu yako.

Vocha zipokee, mama, ila waombe na pesa. Mtu anahitaji kitu anachoweza kumpa mwenzake bila kuuliza duka gani.

Siku tulipomvalisha babu yako kwa mazishi, nilikikuta kile kibati kwenye mfuko wa koti lake la kanisani. Nikakiacha humo humo.

Bibi yako akupendaye